Pengo Kwenye Sinia

Vijana wa jikoni Riyadh, siku naaga mliniomba niyaandike haya niliyokuwa nikiwasimulia tukimenya vitunguu, kwa sababu mlikuwa mnasikia nusu tu, nusu nyingine ikimezwa na feni ya moshi na kikohozi changu. Basi nimeandika. Shule yangu iliishia darasa la saba pale Majengo, Mombasa, na hilo darasa lenyewe nililikalia zaidi kuliko nilivyolisoma. Msitafute maneno mazuri humu. Majina ya watu nitayataja kama yalivyo, wema na wabaya, maana nimechoka na hadithi za Uarabuni ambazo mabaya yote hufanywa na "mtu mmoja hivi".

Nilifika Jeddah ndevu zangu hazijaamua ziote upande gani. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huko, iliandikwa mpishi. Upishi wangu ulikuwa kukoroga uji mama akiwa kisimani. Wakala wa Mombasa, Mbwana Kombo, ndiye aliyemwambia kafili, yule mwajiri anayekudhamini, kwamba nimepika kwenye hoteli kubwa ya pwani. Hoteli hiyo nilikuwa naipita kwa nje nikienda kucheza mpira. Mbwana Kombo yu hai mpaka leo, ana swala tano, na bado anapeleka watu.

Mkahawa ulikuwa Sharafiya, nyuma ya maduka ya simu na ya kutuma pesa, na kazi yake ilikuwa mandi. Nyinyi mandi mnaijua, lakini huenda haya yakasomwa na shangazi zenu, kwa hiyo naeleza: ni shimo la udongo limechimbwa sakafuni, unawasha kuni mpaka zinabaki makaa, unashusha sufuria ya mchele, juu yake unaning'iniza nyama, unafunika na kuziba. Mafuta ya nyama yanaudondokea mchele huko chini gizani. Mengine ni subira.

Siku ya kwanza niliambiwa nikatazame kama moto uko tayari. Nikainama, nikachungulia shimoni. Nilipoinuka sikuwa na nyusi. Jiko zima likacheka, isipokuwa mzee mmoja mwembamba aliyenivuta kwa ukosi wa shati na kunimwagia maji ya baridi usoni.

"We mpishi wa wapi?"

"Wa Mombasa, mzee."

"Huko Mombasa shimo la moto mnalichungulia kama kisima?"

"Kusema kweli mzee, mimi si mpishi."

"Alhamdulillahi," akasema. "Mpishi ningemfukuza. Asiyejua nnaweza kumfunza."

Huyo ndiye Ami Nassor. Nyusi zangu ziliota tena, ila ya kushoto haijawahi kukubaliana na ya kulia, mmeiona wenyewe.

Ami alizaliwa Malindi ya Unguja. Aliletwa Jeddah mtoto wa kushikwa mkono, wazee wake walipokimbia baada ya mapinduzi, na hakuwahi kurudi. Aliishi Ruwais, chumba kimoja karibu na bahari, mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto hakujaaliwa. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini Unguja cha zamani, kimekaa ndani yake kama achari kwenye chupa, hakikuharibika. Kila mtu alimwita Ami, hata Wayemeni waliomzidi umri.

Alinifundisha kwamba moto hautazamwi, unatazamwa ukuta. Ukiwasha kuni, udongo wa shimo unageuka mweusi kwa masizi. Moto ukikolea sawasawa, masizi yanaungua yenyewe na ukuta unarudi kuwa mweupe. Hapo ndipo unashusha nyama. Ukishusha ukuta ungali mweusi, unapika moshi. Akanifundisha kuitumia ile fimbo ya chuma yenye ndoano bila kujichoma paja. Akanifundisha kuziba mfuniko kwa udongo mbichi, ukipitisha kiganja pembeni kusikiliza hewa inapotokea. Na alilolirudia kuliko yote ni hili: ukishafunika, usifunue. Alisema mwenye kufunua anapika wasiwasi wake.

Nililiona hilo kwenye harusi moja ya Al-Hamra, kwenye jumba lenye watumishi wengi kuliko wageni wetu wa siku nzima. Chakula kilikuwa tayari, bibi harusi hajaja. Tukasubiri. Mimi jasho linanitoka, nataka kufunua, nyama itakuwa kaa. Ami akachukua mchanga mbichi, akaziba tundu la hewa la chini ili moto ulale, kisha akakaa juu ya ndoo na kuvuta uradi. Madam wa nyumba akaingia jikoni, dhahabu zinalia.

"Chakula kiko wapi?"

"Kimelala, madam. Usikiamshe."

Madam alimtazama kama aliyetukanwa, akatoka. Bibi harusi alipofika, tukafunua, na nyama ilitoka kwenye mfupa yenyewe bila kuombwa. Madam akarudi, safari hii anatafuta mikono ya Ami aishukuru. Ami alikuwa ameshaenda kuswali.

Sasa niseme habari ya sinia, kwa sababu kila kilichotokea baadaye kimetoka hapo.

Tulikuwa saba jikoni. Wateja wakishakula, sisi tulitandika sufra nyuma ya kaunta na kula kwenye sinia moja. Ami alikuwa na kanuni: sinia haliliwi na pengo. Kama mmoja wetu yuko likizo au anaumwa, hatugusi chakula mpaka Ami atoke mlangoni amwite mtu wa kujaza nafasi. Mfagia barabara, dereva wa teksi, mara moja alikuja mtu wa kusoma mita za umeme na begi lake. Ukimuuliza sababu anakwambia sinia lenye pengo hupoa upande mmoja. Mimi nililichukulia kuwa tabia ya mzee, kama vile wengine hawavai kiatu cha kushoto kwanza.

Aliyechukia jambo hili ni Fawzi. Huyu ni mudiri, meneja wetu, aliyeletwa kwa sababu alimwoa binti wa dada yake Abu Talal, mwenye mkahawa. Fawzi alinukia vizuri na hakupenda chochote kinachonukia vingine. Jiko alilisimamia akiwa mlangoni.

"Ami, huu ni mkahawa au msikiti?" alikuwa akisema.

"Tofauti yake ndogo, mudiri," Ami anajibu. "Kote huko viatu vinaibiwa."

Ikaja corona. Mnakumbuka nyote mlikokuwa. Amri ikatoka kwamba hakuna kula ndani ya mkahawa, chakula ni cha kubeba tu. Huku chakula cha kubeba wanakiita safari, basi tukawa watu wa safari bila kwenda popote. Mazulia tukayakunja, vile vyumba vidogo vya familia tukavifunga. Na nisieleweke vibaya: amri ilikuwa ya haki. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, mimi ni ushahidi wake, nausikia kila nikipanda ngazi. Siandiki kuilaumu amri. Naandika kuhusu watu waliojificha nyuma yake.

Madereva wa kupeleka chakula walitakiwa wapokelee kwenye dirisha la mbele, wasiingie. Dirisha tulikuwa nalo. Fawzi akalibandika picha kubwa ya mwanakondoo akiwa juu ya wali, akasema nyuso za madereva zinaharibu sura ya mkahawa. Akaamuru madereva wote wapitie mlango wa nyuma, ndani ya jiko, wasubirie humo. Mlango huo muukumbuke.

Ramadhani ikaingia. Siku moja niliamka mwili unauma kama nimepigwa na fimbo ya shimo. Nikamwambia Ami. Ami akanigusa shingo, akaenda kwa Fawzi. Nilisikia majibu kutoka nilipokuwa nimeegemea ukuta.

"Mafi corona, hakuna," Fawzi alisema. "Hilo joto la shimo."

"Joto la shimo nalijua, mudiri. Hili si lenyewe. Tupige simu ya afya."

"Tupige, watufungie Ramadhani nzima? Muweke stoo, asionekane. Jioni tutaona. Yalla, kazi."

Nikawekwa stoo, juu ya magunia ya mchele. Kando yangu kulikuwa na gunia la ndimu kavu, zile nyeusi ambazo harufu yake huisikia mtu aliye barabarani. Nikachukua moja nikaipasua chini ya pua. Hakuna. Nikajua.

Mlango wa stoo ulibaki wazi kidogo, na sufra ilitandikwa mbele yake. Magharibi ilipokaribia niliwaona wamekaa, tende mkononi, uji, sambusa, na sinia katikati. Sita. Kati ya Ami na muosha vyombo palikuwa peupe. Ni mahali pangu.

Wakati huo dereva mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma anasubiri oda, simu inampigia kelele. Mweusi, mrefu, kofia ya kampuni. Alikuwa amewasikia wanasema Kiswahili na alikuwa akicheka peke yake. Azana ikalia. Ami akainua kichwa.

"Kijana, karibu futari."

"Asante mzee, niko sawa."

"Nimekwambia karibu. Sinia lina pengo."

"Mzee, mimi naitwa Otieno. Si Muislamu, usije ukaharibu saumu yako bure."

"Umekula leo?"

"Nitakula wapi na huku nje kila mtu ananiangalia? Tangu asubuhi sijaweka kitu kwa mdomo."

"Basi umefunga kuliko hawa," Ami akasema, na wenzangu wakacheka. "Huyu muosha vyombo nimemuona mchana na sambusa."

"Nilikuwa naonja chumvi, Ami!"

Otieno bado alisita. Ami akanyanyuka kwa shida, magoti yake yalishachakaa, akamsogelea na kumsemesha sikioni. Sikusikia alilosema. Nilimuona tu Otieno akivua kofia, akanawa, akaja kukaa mahali pangu. Alishika tonge la kwanza taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike.

Hapo ndipo wakaguzi walipoingia, wawili, kwa mlango ule ule wa nyuma. Walikuwa watu wa adabu, lazima niseme. Mmoja akatoa salamu, akatazama sinia, akatazama kofia ya kampuni iliyowekwa sakafuni.

"Huyu ni mfanyakazi wenu?"

Fawzi alikuwa amesimama mlangoni pake pa kawaida. Akatoa leso akajifuta uso. Ami, tende mkononi, akafanya kosa ambalo wapwani wote wangelifanya. Alisogea, akapiga sufra kwa kiganja.

"Tafadhalini, karibuni. Azana imeshatoka."

Aliwakaribisha wakaguzi kula ndani ya mkahawa, siku za marufuku ya kula ndani ya mkahawa. Yule mdogo alimeza mate, nilimuona. Walikuwa nao wamefunga. Wakatoa tende mfukoni mwao, wakafuturu kwa kusimama, kisha wakapiga picha ya sinia, wakaandika faini, wakabandika karatasi ya kufunga mkahawa juu ya yule mwanakondoo wa Fawzi. Oda aliyokuja kuchukua Otieno ilipoa kaunta, na mteja akampa nyota moja.

Wakaguzi walipoondoka, Ami hakumuuliza mtu. Alipiga simu ya afya mwenyewe. Kwa hiyo mimi niliondoka jikoni mwangu nimelala, nikipita mbele ya Fawzi aliyeziba pua kwa leso yenye manukato.

Ya hospitali sina mengi. Nakumbuka bomba puani, dari, na muuguzi mmoja aliyekuwa akinambia geuka, geuka. Wenzangu wa sinia waliwekwa karantini na wote wakatoka salama, na Otieno hakupiga hata chafya. Nilipotoka, kutembea mpaka msalani ilikuwa safari ya kuagwa. Waliniambia mapafu yana makovu, yatakuwa yakilalamika mbele ya moshi. Niambieni sasa, mpishi wa mandi aende wapi pasipo moshi.

Nikakuta Abu Talal amefungua kesi. Mikahawa mingine ilikwenda mahakamani kwa sababu zao, pango, mikataba, biashara iliyolala. Yeye alidai kwamba hakuna mteja aliyekula kwake, kwa hiyo mlango ufunguliwe na adhabu ifutwe. Alituita, akasema wazi: "Tukishindwa, nafunga moja kwa moja, na nyote ni huruji." Huruji ni ile karatasi ya kuondoka bila kurudi. Watu saba, wengine hawana pa kurudi. Ami hakuwa na pa kurudi kabisa. Kwake kulikuwa Ruwais.

Wakili alikuja jikoni na viatu vinavyong'aa. Akamkalisha Otieno.

"Wewe utasema ulikuwa umefunga, ukashikwa na njaa ya hatari, wakakuokoa. Dini yetu inaruhusu."

"Sawa. Lakini wakili, ikama yangu imeandikwa mimi si Muislamu."

Wakili akaitazama ikama mbele na nyuma, kana kwamba nyuma huenda pameandikwa tofauti. "Na wewe ulifunga kwa nini basi?"

"Kwa sababu ya kuona aibu, bosi."

Hoja hiyo ikafa. Ndipo Fawzi akaleta yake, na aliileta kwangu peke yangu. Tuseme mzee alimwingiza dereva kwa hiari yake, alishakatazwa mara nyingi, hakusikia. Mkahawa utakuwa hauna kosa. Mimi nitakuwa shahidi.

"Aliyewapitisha madereva jikoni ni wewe," nikamwambia.

"Bakari. Ukiutaja mlango, mimi nitaitaja stoo. Mgonjwa aliyejificha kwenye chakula cha watu, unajua adhabu yake?"

Nilikwenda kwa Ami, Ruwais. Nilimkuta anachambua mchele wa mtu mmoja.

"Sema wanavyotaka, mwanangu," akasema kabla sijakaa. "Mimi mzee. Wafanye watakavyo, mkahawa ufunguliwe, watu wale."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakula."

Nilikasirika mpaka pumzi ikakata. Alinipa maji, akaendelea kuchambua mchele.

Kesi yenyewe ilisikilizwa kwa simu, kama mambo yote ya siku zile. Simu iliegemezwa kwenye kopo la samli, juu ya kaunta, na sisi tumepanga mstari mbele yake kama watu wa kupigwa picha ya harusi. Hakimu alikuwa kwake, mtu wa makamo, miwani, nyuma yake mtoto anasikika akidai maji. Kiarabu changu ni cha jikoni: najua moto, chumvi na matusi. Lakini hakimu aliongea polepole, Mungu amlipe.

Alianza na Ami.

"Huyu dereva alikuwa mteja?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Alilipa?"

"Hakulipa."

"Alikuwa nani, basi?"

"Mgeni wangu."

"Wako, au wa mkahawa?"

"Mkahawa una wateja, mheshimiwa. Mgeni huwa wa mtu."

Hakimu akaandika. "Na ulijua kuna amri?"

"Nilijua."

"Kwa nini ukamwita?"

Nilimtazama Ami, nikaona midomo inacheza, kisha akasema, "Palikuwa na pengo." Hakimu hakuelewa na hakuuliza tena. Fawzi alikuwa nyuma ya simu, mahali ambapo hakimu hamwoni, ananionyesha kidole kuelekea stoo.

Ikafika zamu yangu. Hakimu akaniuliza kama ni kweli mzee alikatazwa kuingiza watu.

Nikasema hapana. Nikasema madereva wote walipita jikoni kwa amri ya mudiri Fawzi, ambaye yuko hapa nyuma ya kopo la samli. Nikasema dirisha lipo, limefunikwa na picha. Na kwa kuwa nilishajua litakalofuata, nikalisema mwenyewe: siku ile nilikuwa stoo nina homa, na simu ya afya ilikatazwa na mudiri huyo huyo. Nilisema yote hayo kwa Kiarabu cha jikoni, kwa hiyo huenda na matusi mawili matatu yaliingia. Kisha nikakohoa mpaka wakili akaniletea kiti.

Hukumu ilipotoka ilikuwa nusu kwa nusu. Mlango ufunguliwe, kwa sababu hapakuwa na mteja wala biashara ya kula ndani. Adhabu ibaki, kwa sababu utawala wa mkahawa ndio uliowaingiza watu wa nje jikoni. Wakili akasema tumeshinda. Abu Talal akasema tumeshindwa. Sisi tukawasha moto.

Ami alinikasirikia, mara moja tu katika maisha yetu.

"Nilikuwa nimeshafunika," akanambia. "Nimefunika, nimeziba kwa udongo. We ukaja ukafunua."

"Ningekuacha uungue humo?"

"Nilikwambia nini siku ya kwanza?"

Yeye alinifundisha kazi yote, lakini kwa hili nimebaki na rai yangu. Kuna mifuniko ya kuacha na kuna ya kupiga teke.

Ikama ya Ami ilipokwisha, Abu Talal hakuifanya upya. Hakutoa sababu. Mimi nilipata kafili mwingine Riyadh, kwa sababu bado nilikuwa na mikono. Kwa mzee wa miaka ile hakuna kafili. Nilimzungusha Sharafiya yote, mkahawa kwa mkahawa, watu aliowafundisha wenyewe wakamkalisha, wakampa chai, wakasema inshallah. Waliompa chai siku ile nawakumbuka wote. Fawzi hakuguswa. Leo ana mkahawa wake mwenyewe, na nasikia ukutani kaandika kwamba kila mgeni ni wa nyumbani.

Ami alipanda ndege kwenda Unguja, mji alioutoka ameshikwa mkono, na begi dogo, na ile fimbo ya chuma wakamnyang'anya uwanja wa ndege.

Ya Riyadh mnayajua. Nilipofika kwenu nilikuta jiko zuri, shimo zuri, na kila mtu anakula kwenye kisanduku chake cha plastiki, macho kwenye simu, mgongo kwa mwenzake. Nilinunua sinia kwa mkono wangu. Mlinicheka, mkaniita babu wa harusi. Baadaye mkakaa. Sikuwaeleza sababu kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nayo, nilikuwa nafuata tabia ya mzee.

Wiki yangu ya mwisho, daktari ameshasema moshi basi, dereva aliingia kuchukua oda. Akanitazama nyusi.

"Si wewe wa Sharafiya? Ule mgonjwa?"

"Otieno!"

Tukakumbatiana mpaka oda ikapoa, huyu mtu ana bahati mbaya na oda. Akaniuliza hali, nikamwambia mapafu yamestaafu, nami nimeyafuata. Akatikisa kichwa, akasema, "Lakini ulipona. Yule mzee alisema utapona."

"Alisema lini?"

"Siku ile. Si aliniambia kwa sikio? Alisema, kaa ule, kijana. Hapa ni mahali pa mwanangu, yuko stoo, hali mbaya. Wazee wetu wanasema mgonjwa hutibiwa kwa sadaka. Ukishiba wewe, atapona yeye. Sasa mtu akikuambia hivyo utakataa kula?"

Mnakumbuka nilikwenda kukaa nje kwenye kreti za soda. Mlidhani ni kifua.

Nasikia tangu niondoke mnakula na mnaacha mahali pangu wazi, eti heshima. Acheni upuuzi huo. Sinia halina heshima ya namna hiyo. Tokeni mlangoni mwite mtu. Mkiulizwa na mudiri, semeni ni mgeni wenu, mtaje na jina la mudiri aliyewapitisha madereva jikoni.

Nimeandika haya Ruwais, kwa jamaa, nasubiri ndege ya Mombasa. Chumba cha Ami kiko mtaa wa pili, sasa kinauza vifaa vya simu. Jana nilimpigia Unguja. Sauti imekuwa nyembamba, lakini Kiswahili ni kile kile, na nyuma yake nilisikia watu wengi na mlio wa vyombo. Nikamwambia nimekutana na Otieno, na ameniambia.

Akasema, "Yule kijana mdomo wake haushiki maji."

"Ami, kwa nini hukumwambia hakimu?"

"Nimwambie nini? Kuna mgonjwa stoo? Wangekuchukua wewe."

"Lakini umepoteza kila kitu. Kesi ile ilikutoa Jeddah."

"Hebu nikuulize," akasema. "Ulipona, hukupona?"

"Nilipona, Ami."

"Basi kesi tulishinda. Nikate simu, chakula kimetandikwa, na kuna mtu hajafika."